Ndoo Niliyoiongeza

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza wanga wa muhogo. Nilikuna, nikakamua kwa kitambaa, nikaacha maji yatulie mpaka unga mweupe ushuke chini, kisha nikauanika juu ya jamvi. Katika mji wetu wa mtoni, kanzu za Ijumaa na nguo nyeupe za watu wa boma zote zilipita mikononi mwangu, zikatoka zinasimama zenyewe. Nilikuwa mke niliyeachwa, sina mtoto. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinifundisha herufi za Kiarabu na juzuu chache, akafa kabla hatujafika mbali. Kwa hiyo kuandika najua, ila kuandika vizuri sijui. Haya nayatoa katika daftari langu la siku zile, na daftari linaponyamaza natumia kichwa changu, ambacho sikiamini sana.

Mchoraji alikuja kabla ya vita. Alikuwa Mdachi, kama tulivyowaita Wajerumani, lakini si askari. Aliletwa achore ramani ya mikoko na mikono ya mto inavyogawanyika kwenda baharini. Wiki ya kwanza akatuma mtu niende na wanga. Nikadhani ni mashati. Kumbe ni karatasi.

Alikuwa na sanduku la bati, urefu wake kama jeneza la mtoto. Ndani mlikuwa na karatasi nene za kijivu zenye matuta na mabonde, na ukizigeuza kwenye mwanga unaona mkono, unaona ndevu, unaona farasi. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kitabuni. Kabla ya kuja huku alifanya kazi nchi ya Mosuli, kwenye jumba la mfalme wa Ashuru lililofukiwa na udongo zamani mno, hata sijui niseme zamani gani. Kuta za jumba lile ni mawe, na mawe yamechongwa watu. Mawe hayabebeki. Basi wao walilowesha karatasi, wakaibandika juu ya jiwe, wakaipigapiga kwa brashi ngumu mpaka ikaingia kila mkunjo, wakaiacha ikauke, wakaibandua. Karatasi ikatoka na sura yote ya jiwe, ila uzito wake haina.

Mimi nikaziita maganda. Kaa wetu wa mikokoni naye hujivua ganda zima, na magando yake yote, ukalikuta tupu matopeni ukadhani kaa ndiye huyo. Mchoraji alicheka, akaliandika neno lile.

Adui wa maganda ni maji. Karatasi ikilowa tena, yule mtu aliyechongwa hulala, hurudi kuwa karatasi. Na huku kwetu hewa yenyewe ni maji. Kiatu kikikaa siku tatu kinaota ukungu. Ndiyo sababu alinitaka. Nikawa naanika maganda kivulini penye upepo, nafuta ukungu kwa unyoya, na palipochanika nagandisha kwa uji wa wanga. Yeye alikuwa akiyamalizia. Kila ganda alilichora upya kwa wino kwenye karatasi nyeupe, na pembeni akatia alama: jiwe la ngapi, chumba kipi, ukuta upi. Alama ile ile akaiandika katika daftari lake. Mchana alichora mikoko kwa ajili ya serikali. Baada ya alasiri alichora watu wa Ashuru kwa ajili ya moyo wake. Mimi niliona hivyo, huenda nimekosea.

Kilichonishangaza ni kwamba alichora hata nyufa. Kulikuwa na ganda moja la mtu mwenye mabawa, ndevu zimesukwa kama ukili wa mkeka. Mkono mmoja ameinua kitu kama tunda la mvinje. Mkono wa pili ulimeguka katika jiwe, pamoja na alichokishika. Ufa ulitoka begani ukakata kifua ukaishia gotini, umepindapinda kama mto. Na juu ya mwili wake, kukatiza nguo na vyote, palikuwa na mistari ya maandishi ya watu wale, kama nyayo za ndege kwenye tope.

"Bwana," nikamwuliza, "mbona unachora ufa? Huyu mtu hakuwa na ufa."

"Mimi sikumwona mtu. Nimeona jiwe."

"Na mkono huu ulishika nini?"

"Jiwe halisemi."

Nikamwonyesha ganda jingine lililokuwa limeanikwa kando, la mwenzake, aliyefanana naye kama pacha. "Huyu hapa ameshika kindoo. Na yule si ndugu yake?"

"Huyu ana ndoo. Yule hana mkono. Bibi, kisichoonekana hakichorwi."

Nilimwona mtu mgumu. Sisi mkeka ukiliwa na panya, tunausuka pale palipoliwa, hatuuachi wazi ati kwa kuwa hatukumwona msukaji wa kwanza. Nikamwuliza tena, sasa huyu mwenye ndoo, tunda lile analifanyia nini? Akasema wengine wanadai analichovya anarashia maji, wengine wanadai mengine. Yeye hajui. Sijapata kumwona msomi anayesema "sijui" mara nyingi vile, na siku zile nilimdharau kidogo kwa hilo.

Jambo moja zaidi. Nilimwuliza kama Mosuli ndiko kwa Nabii Yunus, maana jina hilo nilikuwa nalo tangu chuoni: mji ulioahidiwa adhabu, ukatubu, adhabu ikaondolewa. Akasema ndiyo, watu wa huko wanamzuru Yunus ng'ambo ya mto.

"Basi hawa ndio watu wa Yunus!"

"Hapana. Hawa ni mji wa jirani. Kwa miguu siku moja."

Neno hilo la jirani nililisikia vizuri. Naliandika hapa ili ijulikane kwamba nililisikia.

Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa mkulima wa Mtunda. Alikuja kunitazama siku za mavuno ya mpunga, akawa anatembea kwa kuchechemea. Wakati ule watu walikuwa wakipita makundi kwa makundi kwenda Ngarambe kuchukua maji ya mganga, yaliyosemwa kuwa yatageuza risasi ya Mdachi kuwa maji. Hayo ndiyo yaliyozaa vita vya Maji Maji, lakini sisi tulikuwa hatujajua kama ni vita.

"Mguu una nini, mjomba?"

"Mguu hauna kitu. Nisipokwenda Ngarambe, wenzangu wataniita mwanamke wa Mdachi. Nikienda, Mdachi atanifunga. Nimeona afadhali niugue."

"Lakini jana ulichechemea wa kulia. Leo wa kushoto."

"Ndiyo maana sitaki kukaa Mtunda. Wewe macho yako ni ya mama yako."

Akayaona maganda yameanikwa barazani. Mimi nikajifanya mjuzi, nikamweleza kila kitu nilichokijua, na nilipofika penye Yunus nikasema hawa ndio wenyewe, watu waliosamehewa mji mzima. Nilisema hivyo kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri zaidi hivyo. Sina sababu nyingine.

Mjomba akalisogelea ganda la mwenye mabawa. Kisha akasema, "Mji mzima?"

"Mji mzima."

"Nichoree huyu mwenye mabawa. Nimvae. Sitaki kumshinda mtu, mwanangu. Nataka hii adhabu inayokuja inipite pembeni."

"Picha ya mtu, mjomba! Angekuwapo baba angesema nini?"

"Angesema haramu. Halafu angeniuliza kando kama inafaa."

Nilikuwa na vipande vya karatasi nyembamba, ile unayoona ng'ambo yake, alivyonipa mchoraji niandikie baada ya kuviharibu yeye. Nikalaza kimoja juu ya picha yake ya wino, nikafuata mistari. Maandishi ya nyayo za ndege sikuyaandika, maana sikujua yanasema nini na niliogopa yasije yakawa kufuru. Ufa niliuchora. Ningependa kusema niliuchora kwa kuwa nilifundishwa, lakini kweli ni kwamba kalamu iliuingia tu ikaufuata. Nilikwisha uzoea.

Mjomba akaitazama. "Mbona kilema?"

"Jiwe limemeguka hapo."

"Na mimi nachechemea, halafu nivae kilema? Watatucheka wote wawili."

Basi nikachukua karatasi ile ile, nikailaza juu ya picha ya wino ya pacha wake, nikakopa mkono na kindoo. Vikakaa vizuri, kama vilizaliwa pale. Nilijiona fundi. Mjomba akaikunja mara nne, nikamshonea katika kitambaa cheusi, akaivaa shingoni akaenda zake.

Kisha vita vikaanza. Sitaandika nisiyoyaona. Niliyoyaona ni pamba iliyong'olewa imelala barabarani, na duka lililochomwa, na askari wengi kuliko wenyeji. Mganga wa Ngarambe alinyongwa. Watu waliokutwa na vichupa vya maji walinyongwa. Bwana mkubwa wa boma letu, nasema kwa haki, kabla ya hapo hakuwa mtu wa kupiga hovyo. Aliwahi kunirudishia shati akiomba radhi kwamba limechanika kwa uzembe wake. Lakini wenzake walikuwa wameuawa kusini, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyesahau kulala.

Siku ya mvua ya vuli, asubuhi, jirani yangu alikuja anakimbia, ameshika upindo wa kanga.

"Dada, mjomba wako kaletwa kafungwa kamba! Wamemshika njiani Kibiti."

"Kafanya nini?"

"Askari walimwona anachechemea, wakamwambia kimbia. Akakimbia vizuri mno. Wakampekua. Wanasema ana picha ya mganga mwenyewe mwenye mbawa, yuagawa maji kwa ndoo. Hukumu alasiri."

Watu watatu walikuwa wamekwisha nyongwa asubuhi ile ile. Nilijua alasiri maana yake nini.

Nilikwenda kwa mchoraji. Nilimkuta amejifunika blanketi, homa imempanda. Nikamwambia yote nimesimama mlangoni, ila la Yunus sikulisema.

"Umechora wewe?"

"Mimi, bwana."

"Kutoka kwa karatasi yangu?"

"Kutoka kwa karatasi yako."

Akalitazama sanduku. Nje mvua ilikuwa haijakata. Kisha akainuka, akatoa picha mbili za wino na maganda yake mawili, akayazungushia koti lake la mvua, akatoka na shati tupu.

"Bwana, yatalowa."

"Najua," akasema.

Barazani kwa boma bwana mkubwa alikaa mezani, na karatasi yangu imetandazwa mbele yake, imegandamizwa kwa risasi moja kila pembe. Mjomba amechuchumaa chini, mikono nyuma. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo, kama anayeniambia nirudi nyumbani. Palikuwa na mkalimani, mtu wa pwani kama sisi, na kupitia kwake ndipo nilipoyajua waliyoyasema.

Mchoraji akaweka picha ya yule asiye na mkono. Bwana mkubwa akailaza karatasi yangu nyembamba juu yake, akaisogeza polepole. Bawa likakaa juu ya bawa. Ndevu juu ya ndevu. Halafu ufa, ule ufa uliopindapinda, ukaingia juu ya ufa mwenzake bila kupotea hata unywele. Mchoraji akamwambia: mganga hachorwi na ufa, huu ni ufa wa jiwe, na jiwe liko Mosuli. Bwana mkubwa akatoa pumzi. Nilimwona analegea mabega.

Kisha kidole chake kikashuka kwenye ndoo. Chini ya ndoo yangu palikuwa peupe.

"Na hii?"

Mchoraji akaiinamia karatasi. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, naiona shingo yake inatiririka maji. Nikasema moyoni: sema ndiyo. Neno moja. Nani atajua?

Akasema, "Hiyo haimo kwenye jiwe."

Nilimchukia. Sitapunguza: nilimchukia mtu yule kwa roho yangu yote, na nilikuwa nimevaa kanga niliyoinunua kwa kazi yake, na yeye alikuwa anatetemeka kwa homa aliyotoka nayo mvuani kwa ajili yetu. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Bwana mkubwa akasema kitu, na mkalimani akakitoa taratibu: "Basi jiwe la Mosuli, ndoo ya Ngarambe."

Hakuna aliyeniuliza. Mwanamke haulizwi pale. Lakini nikasikia sauti yangu imetoka, tena kubwa kama naita kivuko.

"Ndoo ni yangu! Niliiongeza mimi. Nimeitoa kwa pacha wake, yumo ndani ya koti, mfunueni!"

Mkalimani akanitazama kabla ya kutafsiri, kama anayenipa nafasi ya kurudisha maneno. Sikuyarudisha.

Mchoraji akalifunua ganda la pili. Maji yalikuwa yameingia upande wa chini. Miguu ya yule mtu ilikwisha lala, imekuwa karatasi tupu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono ulikuwa umesimama, na kindoo chake, na hata kishikio. Bwana mkubwa akakipapasa kwa kidole. Akachukua picha ya wino ya ganda lile, akailaza karatasi yangu juu ya mkono, akaisogeza. Ndoo ikakaa juu ya ndoo.

"Kwa nini uliongeza?"

Nikamwonyesha mjomba kwa kidole. "Alisema mkono mtupu ni kilema."

Mkalimani alicheka, akajizuia. Mjomba naye akaona mlango umefunguka kidogo. "Mwambie bwana mimi nilitaka mtu mzima. Maji sikuyataka. Ningeyataka maji, Ngarambe si mbali."

"Na mguu wako?" akaulizwa.

"Mguu ni uwongo, bwana. Mengine yote kweli."

Bwana mkubwa aliikunja karatasi yangu kwa mikunjo yake ile ile minne. Hakumwachia mjomba. Alimtia katika mnyororo wa wachukuzi mpaka vita viishe, kwa uwongo wa mguu na kwa hirizi ya kuwatia watu wasiwasi. Mimi nikakatazwa nguo za boma. Lakini kamba ya kunyongea haikuguswa alasiri ile.

Wale watatu wa asubuhi sijui walikuwa na nini shingoni. Nimejaribu miaka mingi kufurahi bila kuwakumbuka, sijaweza, na sidhani kama inafaa niweze. Hakuna aliyewaletea jiwe.

Siku ya pili nilirudi kwa mchoraji, sikujua kama nina kazi. Alikuwa kitandani. Ganda lililolowa liko kifuani pake, anafuata kwa kidole mahali miguu ilipokuwa. Nilianza kumwomba radhi, akanionyesha daftari lake la alama, ukurasa wa yule mtu asiye na mkono.

"Andika," akasema. "Ndoo imeongezwa."

"Mimi naandika kwa herufi za chuoni, bwana."

"Andika kwa zako."

Nikaandika kutoka kulia. Maneno yake yalitoka kushoto, yakakutana na yangu katikati ya ukurasa. Niliuliza kama na miguu iliyolala aiandike, akasema amekwisha iandika: imeharibika kwa mvua, na mwenye kosa ni yeye. Nikataka kubisha. Akafumba macho.

Alisafirishwa kabla ya vita kwisha, na sanduku lake, nami sikupata habari zake tena. Ikaja njaa, maana mashamba yalichomwa na watu wakala mizizi. Nao wanga wangu haukusimamisha kanzu yoyote, tuliunywa uji.

Mjomba alirudi njaa ilipokuwa inapungua. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamjua kwa uso. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, na kesho yake wa kushoto, na kesho kutwa wa kushoto. Mnyororo ulikuwa umemla kifundo. Nilimwekea mkeka, nikamkanda kwa maji ya chumvi, na kwa kuwa nilikuwa nimelibeba neno lile muda wote huo, nikalitua.

"Mjomba, wale hawakuwa watu wa Yunus."

"Nani?"

"Yule mwenye mabawa. Ni mji wa jirani. Mwendo wa siku moja."

Akaufikiri mwendo huo, kama anayepima Mtunda na Kibiti. "Ulijua siku ile uliyonishonea?"

"Nilijua."

"Na bwana mchoraji alijua?"

"Ndiye aliyeniambia."

Mjomba akanyoosha mguu wake wa kushoto, akaushika kwa mikono miwili, akausogeza karibu na bakuli.

"Basi afadhali hilo hakuulizwa pale boma, maana angelisema," akasema, akaomba uji.